Mhadhiri, katibu, mtu wa maabara: unyanyasaji unaowapata wanawake walioajiriwa vyuo vikuu

Ukitaja rushwa ya ngono chuoni, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, kila mtu anamwona mwanafunzi. Binti wa mwaka wa pili ana sapu (mtihani wa marudio), mhadhiri kamshikia matokeo, na miadi ni jioni, mbali na chuo. Picha hiyo si ya uongo. Oktoba 2019 BBC ilionyesha wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Lagos na Chuo Kikuu cha Ghana wakinaswa na kamera za siri, na huku kwetu TAKUKURU, taasisi ya Tanzania ya kupambana na rushwa, ilifanya utafiti wake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Lakini picha hiyo imekuwa kubwa mno, kiasi cha kumziba mtu mwingine aliye katika jengo lilelile: mwanamke aliyeajiriwa pale.

Huyu tunamsahau kwa sababu tunadhani ameshavuka. Ana shahada mbili au tatu, ana mshahara, ana jina mlangoni. Nani atamgusa? Ukweli ni kwamba mwanafunzi angalau ana tarehe ya kuondoka. Miaka mitatu au minne, anavaa joho, anakwenda zake. Mhadhiri msaidizi aliyeajiriwa akiwa na miaka 26 anaweza kukaa na watu walewale, korido ileile, hadi astaafu. Aliyemsumbua leo ndiye atakayesaini barua ya ruhusa yake ya masomo mwakani, na miaka kumi baadaye yumo kwenye kamati inayojadili kama anastahili kuwa mhadhiri mwandamizi.

Novemba 2018 Rais Magufuli alipokwenda Mlimani kufungua maktaba mpya, aliyeandika hadharani Twitter kwamba rushwa ya ngono imekithiri UDSM alikuwa mhadhiri wa chuo hichohicho, Dk. Vicensia Shule. Chuo kilimtaka ajieleze. Mjadala uliofuata mitandaoni ulizunguka sana swali la ushahidi: anao au hana? Ni swali halali. Ila kuna jingine lililostahili nafasi sawa: mwajiriwa anayesema jambo kama hilo Jumanne, Jumatano anarudi ofisini kwa nani?

Mtu mmoja, kofia nne

Ili kuelewa kwa nini chuo kikuu ni mahali pagumu kwa mwanamke mwenye malalamiko, ni lazima kuelewa jinsi watu wanavyopanda vyeo. Unaanza ukiwa TA, msaidizi wa kufundisha, ukipata shahada ya uzamili unakuwa mhadhiri msaidizi, ukipata uzamivu unakuwa mhadhiri, kisha mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Kila ngazi inataka machapisho, tathmini ya ufundishaji, maoni ya wasomi wa nje, na jina lipite idarani, kwenye ndaki (chombo kinachosimamia idara kadhaa), na juu zaidi. Kwenye karatasi huu ni utaratibu wenye macho mengi. Kwenye maisha, macho mengi hayo mara nyingi ni ya mtu mmoja.

Fani nyingi zina mabingwa wawili watatu nchi nzima. Mmoja wao anaweza kuwa mkuu wa idara yako, msimamizi wa tasnifu yako, kiongozi wa mradi unaokulipa posho ya uwandani, na mhariri wa jarida unalotaka likuchapishe. Mwambie hapana leo akiwa na kofia moja, nyingine tatu bado anazo. Wala hahitaji kukutishia. Anaweza tu kusahau kusoma sura yako ya tatu kwa miezi saba. Anaweza kusema kwenye kikao, kwa upole kabisa, kwamba "huyu dada bado hajakomaa". Hakuna barua yoyote itakayoonyesha kilichotokea, kwa sababu kuchelewa kusoma tasnifu si kosa, na kumwona mtu hajakomaa ni maoni ya kitaalamu.

Safari za uwandani ni sura ya peke yake. Gari moja, wanaume watano na mwanamke mmoja, wiki mbili wilayani, nyumba ya wageni ambayo kitasa kinafunguka ukikisukuma kwa bega. Anayepanga vyumba ni kiongozi wa mradi. Wanawake wengi wasomi wana hesabu zao za siri kuhusu safari hizi: nani ni salama kusafiri naye, nani si salama, na mradi upi ni bora kuukosa. Kila mradi unaokosa ni chapisho ulilokosa, na chapisho ni cheo. Kwa hiyo unyanyasaji unafika kwenye mshahara bila mtu yeyote kukugusa.

Kwa wahadhiri wa muda nchini Kenya, wanaolipwa kwa kila somo wanalofundisha, kofia moja tu inatosha. Mwenyekiti wa idara ndiye anayegawa masomo kila muhula. Asipokupa, hujafukuzwa. Hukupangiwa, basi.

Na tukishuka ghorofa chini mambo ni mabaya zaidi, ingawa hayaandikwi sana, labda kwa sababu wanaoandika ni wahadhiri. Katibu muhtasi anakaa mlangoni kwa bosi kuanzia saa moja na nusu asubuhi. Mtu wa maabara anabaki na profesa hadi usiku jaribio likichelewa. Mama anayefagia korido mara nyingi si mwajiriwa wa chuo kabisa: yuko chini ya kampuni iliyoshinda zabuni ya usafi. Sera ya chuo, hata iwe nzuri namna gani, inaweza isimtaje. Akilalamika, atalalamika kwa msimamizi wa kampuni, ambaye ana sababu zote za kumhamishia jengo jingine kimyakimya ili zabuni isiguswe.

Aina tatu, na ile tunayoicheka

Mwanasaikolojia wa Marekani, Louise Fitzgerald, aliyeanza kupima jambo hili vyuoni miaka ya 1980, pamoja na wenzake walilipanga katika makundi matatu ambayo bado yanatumika. La kwanza ni shinikizo la wazi: toa ngono upate kazi au cheo, ukikataa utakosa. Hii ndiyo rushwa ya ngono. La pili ni usumbufu wa kingono usiotakiwa: kushikwa, kutongozwa baada ya kukataa, ujumbe wa saa sita usiku. La tatu halina tamaa ndani yake kabisa. Ni dharau kwa mwanamke kwa kuwa ni mwanamke: utani wa kudhalilisha, kumkata kauli, kumfanya aone kwamba hapa si kwake.

Mwaka 2018 Akademia za Kitaifa za Sayansi, Uhandisi na Tiba za Marekani zilitoa ripoti ndefu juu ya suala hili. Zaidi ya nusu ya wanawake walioajiriwa katika taaluma za vyuo nchini humo walikuwa wamepitia mojawapo ya hayo matatu. Lililoongoza kwa mbali lilikuwa lile la tatu, la dharau. Na kilichobashiri vizuri zaidi kama unyanyasaji utatokea hakikuwa tabia ya mtu fulani. Kilikuwa hali ya taasisi: kama watu wanaona inavumilia au haivumilii.

Sisi la tatu hatulihesabu. Keti kwenye kikao cha idara yoyote. Wajumbe kumi na mmoja, wanawake wawili, wote wana PhD. Anatafutwa wa kuandika muhtasari, macho yanamwendea mmojawapo. Chai ikifika, mwenyekiti anasema, "Dada Neema, tusaidie hapo." Dk. Fulani na Profesa Fulani wanatajwa kwa vyeo vyao. Yeye ni Dada Neema, na akishapata watoto atakuwa Mama Brayani. Kuitwa dada au mama ni heshima kwetu, hilo sipingi, na ndiyo maana mtego huu ni mgumu kuueleza. Ukikataa unaonekana una majivuno. Lakini angalia nani anaitwa kwa cheo siku ambayo wafadhili wamekuja. Kisha fungua simu uone kundi la WhatsApp la idara, ile video iliyotumwa saa nne usiku na emoji kumi za kucheka chini yake. Yeye hakucheka wala hakusema. Kesho mtu huyohuyo aliyeituma atapima utendaji wake wa mwaka.

Makundi haya hayaishi mbalimbali. Panapochekwa dharau, anayeshika anajua hatasemwa. Anaposhika na asisemwe, anayedai ngono ili asaini barua anajua pia.

"Sababu binafsi"

Mwaka 1974 Carmita Wood, mama wa watoto wanne, aliacha kazi yake ya ofisini katika maabara ya fizikia ya nyuklia ya Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, baada ya miaka minane. Mwanasayansi mmoja mashuhuri alikuwa akimgusa matiti akijifanya anafikia karatasi. Baada ya tafrija ya Krismasi alimbana kwenye lifti akambusu kwa nguvu. Tangu hapo Wood akawa anapanda ngazi kwa miguu ili asikutane naye kwenye lifti tena. Shingo na mgongo vikaanza kumuuma, kidole gumba cha mkono wa kulia kikafa ganzi. Akaomba uhamisho, hakupata, akaacha.

Alipokwenda kudai mafao ya kukosa kazi, afisa alimwuliza kwa nini uliacha. Kulikuwa na nafasi ya kujaza kwenye fomu. Kwa aibu akasema sababu zake zilikuwa binafsi. Madai yake yakakataliwa, na rufaa nayo ikakataliwa. Wanawake wa pale Cornell, wakiongozwa na Lin Farley, walilichukua suala lake, na Mei 1975 wakaitisha mkutano wa hadhara mjini Ithaca ambapo makatibu, wahudumu wa mikahawa na wasomi walisimama mmoja mmoja kueleza yaliyowapata. Harakati za kisasa dhidi ya unyanyasaji wa kingono kazini zilianzia katika ofisi ya chuo kikuu, kwa mtu ambaye hakuwa mwanafunzi wala profesa.

Ninachotaka tukione hapa ni ile fomu. Nenda masijala ya chuo chochote, fungua majalada ya wanawake walioacha kazi au kuomba kuhama. Utakuta "sababu za kifamilia", "kumfuata mume", "afya". Nyingi ni za kweli. Lakini mwanamke aliyekimbia naye ataandika maneno hayohayo, kwa kuwa anahitaji barua ya sifa kwa ajili ya kazi ijayo. Chuo kinachosema "hatujawahi kupokea malalamiko" huenda kinasema kweli tupu.

Ubaguzi nao hujificha vivyo hivyo, japo zamani haukuhitaji kujificha. Wangari Maathai aliporudi Nairobi mwaka 1966 na barua ya kazi ya Chuo Kikuu mkononi, aliambiwa na profesa wa zoolojia kwamba nafasi yake imepewa mtu mwingine. Mwenyewe aliamini kwamba jinsia yake na kabila lake vilihusika. Aliajiriwa baadaye kwenye anatomia ya mifugo, akapata uzamivu mwaka 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati, akawa mkuu wa idara mwaka 1976. Na bado masharti ya ajira yalimtofautisha na mwanamume wa cheo kilekile. Posho ya nyumba na marupurupu mengine kamili yalikuwa ya wanaume; mwanamke aliyeolewa alidhaniwa anatunzwa na mumewe. Yeye na mwenzake Vertistine Mbaya walipigania hilo kwa miaka, hadi kujaribu kuanzisha chama cha wafanyakazi. Mwaka 1982 alijiuzulu ili agombee ubunge, akaenguliwa kwa hoja ya kisheria, na chuo kikakataa kumrudisha na kumtaka ahame nyumba yake.

Kanuni iliyoandikwa ina faida moja: unaweza kuinyooshea kidole. Zilipofutwa, tofauti zilibaki bila maandishi. Huko MIT, chuo mashuhuri cha sayansi Marekani, mwaka 1994 mwanabiolojia Nancy Hopkins alihitaji futi za mraba 200 zaidi kwa ajili ya matangi ya samaki wake wa utafiti, akakataliwa. Akachukua futi ya kupimia, akawa anapita maabara baada ya maabara usiku. Vipimo vilionyesha kwamba wanaume wa ngazi yake walikuwa na nafasi kubwa kuliko yeye. Wenzake wakajiunga naye, wakaanza kulinganisha mishahara, fedha za utafiti na nafasi za kamati. Ripoti yao ilipotoka mwaka 1999, rais wa MIT, Charles Vest, alikiri kwamba aliwahi kudhani ubaguzi huu ni nusu ukweli, nusu hisia, na sasa ameona kwamba sehemu kubwa ni ukweli. Hata mwanasayansi wa kiwango kile alilazimika kwanza kupima sakafu ndipo aaminiwe.

Sheria inakamata nini

Tanzania ina kifungu kizuri na chembamba. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa ajira, cheo, haki au upendeleo. Adhabu iliyowekwa mwaka huo wa 2007 ilikuwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote. Ona kwamba ajira na kupandishwa cheo vimetajwa waziwazi, kwa hiyo kifungu hiki si cha wanafunzi peke yao. Ila kinahitaji sharti. Anayekushika kiuno bila kukuahidi wala kukutishia lolote yuko nje yake. Huyo anaangukia Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 138D, kinachogusa maneno na vitendo vya udhalilishaji wa kingono. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, nayo inahesabu unyanyasaji kuwa namna ya ubaguzi, na hapo anayewajibika ni mwajiri pia.

Mwaka 2024 ulipoletwa mswada wa kurekebisha sheria ya rushwa, wanaharakati walikipinga vikali kifungu walichoona kingemwadhibu hata aliyeombwa ngono akatoa. Nadhani walikuwa sahihi kabisa. Mwenye kesi ya namna hii tayari anaogopa kusema. Mwambie anaweza kufungwa, na atanyamaza milele.

Kenya ina neno moja linalosumbua. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 23, inataka mwenye mamlaka awe amemsumbua mtu kwa kurudiarudia. Mara moja, hata iwe mbaya, inaleta mabishano. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ajira ya 2007 inamlazimu mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na tamko la sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono, na hakuna chuo kikuu kisichofikia idadi hiyo. Uganda ina sharti kama hilo kwa mwenye wafanyakazi zaidi ya 25, na Makerere ilikuwa na sera yake tangu 2006. Sera haikutosha: mwaka 2018 uongozi wa Makerere ulilazimika kuunda kamati ya uchunguzi chini ya Profesa Sylvia Tamale, mwanasheria aliyewahi kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza kitivo cha sheria pale. Uganda na Rwanda zimeridhia pia, mwaka 2023, Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao unawagusa hata wanaojitolea, wanaotafuta kazi, safari za kikazi na mawasiliano ya simu. Yule mama wa usafi na ile video ya WhatsApp vinapata mahali pa kuingia.

Kuhusu madawati ya jinsia yaliyofunguliwa vyuoni Tanzania miaka hii ya karibuni, ni hatua, na nisingependa kuyabeza. Ila dawati likiwa na wajumbe walioteuliwa na amidi (mkuu wa kitivo) au rasi (mkuu wa ndaki), na anayelalamikiwa ni amidi au rasi, mlalamikaji anajua faili litaishia wapi. Kingine kinachotokea mara nyingi ni "suluhisho" la kumhamisha mwanamke. Yeye ndiye anayepoteza ofisi, mradi na kozi zake, kisha inasemwa suala limekwisha.

Ripoti ya Marekani ya 2018 ilipendekeza jambo ambalo halihitaji fedha nyingi: wagawanyeni wenye kofia. Mwanafunzi wa uzamivu asimamiwe na kamati, si mtu mmoja. Fedha za mtu mdogo zisitoke mfukoni mwa msimamizi wake. Kwa idara zetu ndogo hilo lingemaanisha kuomba wasimamizi kutoka chuo kingine, na wakuu wa idara hawatapenda.

Utasikia pia kwamba wapo wanawake wanaopanda kwa njia hiyo wenyewe. Wapo, sitabisha. Lakini mwenye cheo cha kugawa ni nani? Na uvumi huo hauwachafui hao tu. Unamchafua kila mwanamke aliyepanda, pamoja na aliyekataa na kuchelewa miaka sita. Wanaume nao hunyanyaswa, na sheria nyingi nilizotaja hazikuandikwa kwa jinsia moja.

Kwa anayefikiria kuondoka, kuna jambo la kisheria ambalo wengi Tanzania hulijua wakiwa wamechelewa. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinatambua unyanyasaji wa kingono, au mwajiri kushindwa kukulinda nao, kuwa sababu inayoweza kufanya kujiuzulu kwako kuhesabiwe kuwa umeachishwa kazi. Lakini barua ikisema "sababu za kifamilia", wakili wa chuo ataisoma kwa sauti. Kwa hiyo malalamiko yaandikwe kabla ya barua ya kuacha, yenye tarehe, na nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa masijala. Kwa vyuo binafsi, mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufike CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ndani ya siku 30, na migogoro mingine siku 60. Aliyeajiriwa na chuo cha umma ana njia ndefu zaidi: tangu marekebisho ya 2016 ya Sheria ya Utumishi wa Umma, hawezi kwenda CMA kabla hajamaliza ngazi za rufaa za utumishi wa umma, na ngazi hizo kwa kawaida huanzia ndani ya chuo chenyewe.